Muhuri Kila Ukurasa

Jumatatu, 5 Machi 2007, Kilosa

Daftari hili lilikuwa la dukani, la kuandikia majina ya wateja wa kuchapiwa barua. Nimelichukua. Nina jambo, na nisipoliandika nitapasuka.

Bosi wangu Beda hufutia vumbi mashine kwa magazeti ya wiki iliyopita. Leo mchana nimenyakua kipande mkononi mwake kabla hakijaloa: tamasha la filamu linakaribisha miswada ya filamu fupi kutoka Afrika nzima, Kiswahili ruksa. Kumi watakaochaguliwa wataitwa kwenye mafunzo, na miswada yao itapigwa picha iwe filamu kweli. Hawapokei kwa posta wala kwa mkono, ni kwa kompyuta tu, kupitia tovuti yao. Mwisho ni tarehe 30 Aprili, saa tisa alasiri kwa saa zetu.

Mimi Domina Kondo, mchapaji barua za watu kwa miaka sita, nina mswada. Umelala ndani ya kompyuta ya Beda tangu Januari, nimeuchapa saa za chakula cha mchana huku namega mihogo kwa mkono mmoja. Unaitwa "Treni ya Saa Nne". Karani wa reli amepunguzwa kazi lakini kila asubuhi anavaa sare, anakwenda stesheni kusubiri treni, na mji mzima unamcheka. Nikiusoma mwenyewe sina mbavu.

Siri yangu na daftari hili: karani huyo ni Mzee Kornelio mzima mzima. Nimembadilisha jina nikamwita Thadeo, nikamwongezea kitambi. Mzee Kornelio ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha maigizo na mimi ndiye katibu. Alikuwa karani wa stesheni hadi walipowapunguza, na hadi leo anaongea kama tangazo la ubaoni. Hajausoma mswada na Mungu amsaidie asiusome.

Jumatano, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimechapa barua tisa za kuomba kazi, zote na kosa lilelile la mwenye kuziandika.

Jumamosi, 10 Machi, Mikumi

Nimefika kwa Winnie. Tulisoma sekondari pamoja, sasa ana intaneti kafe hapa barabara kuu, na dishi juu ya bati, kubwa kuliko sufuria ya harusi. Tumefungua ile tovuti. Jamani! Inauliza maswali kuliko afisa uhamiaji. Jina, jinsia, nchi. Nchi nimeshuka nayo hadi karibu na chini kabisa, tumewekwa baada ya Tajikistan. Ikataka namba ya posta ya mtaa. Nikaiandikia Sanduku la Posta la Beda, ikagoma. Nikaacha wazi, ikagoma kwa wino mwekundu. Winnie akabonyeza sifuri tano, ikakubali na kunishukuru.

Kwa hiyo sasa mahali fulani duniani mimi ni Domina Kondo wa sifuri tano, na nimeandikishwa. Nimempa Winnie paswedi yangu ili awe ananiangalizia barua pepe, maana kutoka Kilosa hadi hapa si mchezo mvua ikichanganya.

Jumatano, 14 Machi

Nimesahihisha kurasa kumi. Thadeo sasa anampigia saluti mbuzi aliyesimama relini. Nimecheka hadi Beda akaja kuchungulia.

Jumapili, 18 Machi

Nilipeleka mswada kwa Mzee Kornelio. Sikutaka, lakini katibu hawezi kutuma kitu nje ya nchi mwenyekiti asijue. Angesikia kwa watu ningekwisha. Nimemwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho, akapima uzito wa karatasi kwa kiganja. Akauliza muhuri uko wapi. Nikasema hawajaomba muhuri.

"Katibu," akasema, "karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia vitumbua."

Akatoa muhuri wa kikundi na kibweta cha wino kutoka kwenye kabati lenye kufuli, akakunja mikono ya shati na kugonga. Ukurasa mmoja baada ya mwingine, zote arobaini na moja, katikati kabisa ya maandishi: jina la kikundi, Kilosa, tarehe. Na kwenye kila mmoja akaandika kwa mkono IMEPITIWA, akatia sahihi. Hakusoma hata neno. Nilikuwa nimekaa pale jasho linanitoka, nikimuona anapita juu ya kitambi cha Thadeo na saluti ya mbuzi kama mtu anayekata tiketi.

Nikubali ukweli, ulipendeza. Ile bluu juu ya nyeusi. Ulionekana mswada wa watu wenye ofisi. Jalada lenyewe amebaki nalo, mimi nimeondoka na nakala yenye mihuri ileile.

Jumamosi, 24 Machi, Mikumi

IMEPOKELEWA! Hivyo ndivyo kioo kilivyosema na mimi nimeamini.

Winnie alisema tutume faili nililolichapa. Nikamwambia faili halina muhuri, watatuonaje? Basi tukaskani kurasa zote, moja moja, likawa lifaili zito mno. Tukalipandisha. Asilimia nne. Tukanywa chai. Asilimia kumi na moja. Malori yanapita nje, dishi linatikisika, na mimi namwambia Winnie usiguse kitu, usikohoe. Saa mbili na robo nzima! Ilipofika mia niliinuka nikacheza mpaka mzungu aliyekuja kuandika barua zake akapiga makofi.

Jumatatu, 2 Aprili

Kimya. Mvua.

Jumapili, 8 Aprili

Pasaka. Mama ametoka Kimamba na kuku. Nimemwambia nitakuwa mtu wa filamu, akaniuliza ni lini nitakuwa mtu wa ndoa.

Jumanne, 17 Aprili

Radi imepiga. Saa nane mchana, mlio mmoja tu, na mji mzima ukazimika. Wanasema ni transfoma. Kompyuta ya Beda imetoa moshi mwembamba kama wa ubani, ikafa. Beda amekaa kwenye kiti cha wateja ameshika kichwa na mimi nikamhurumia, kisha nikakumbuka mswada wangu ulikuwa humo humo. Nilikuwa na nakala kwenye flopi, nimeitoa kwenye mfuko: imeota ukungu.

Si kitu. Mswada ulishafika. Nimejiambia hivyo mara ishirini.

Jumamosi, 21 Aprili

Mswada umekataliwa.

Ujumbe wa Winnie umeingia asubuhi nikiwa sokoni, nikausoma nimesimama kati ya mafungu ya nyanya. Nikampigia. Akanisomea barua pepe pole pole. Wanasema wasomaji wao hawatakiwi kujua mwandishi ni nani, ili wasimpendelee mtu. Jina lolote, anwani yoyote, alama yoyote ndani ya mswada inauondoa kwenye shindano. Sisi tumeweka jina na anwani mara arobaini na moja! Tena wanataka maandishi ya kompyuta, si picha za karatasi. Lakini, na hapa Winnie alilirudia, mlango bado uko wazi: tukituma upya kabla ya saa tisa tarehe 30, watausoma.

Winnie alishafuta zile kurasa, na hata angekuwa nazo anachapa kwa vidole viwili. Kompyuta ya Beda ni marehemu. Nakala yangu nilimwachia Winnie, akafungia vitu. Kilosa haina umeme. Barabara ya Mikumi imekatika mbele ya Masanze, na ya Dumila nayo magari yamelala njiani. Mswada wenyewe duniani umebaki mmoja, uko kabatini kwa Mzee Kornelio, umefungiwa kwa kufuli.

Muhuri! Mzee yule na muhuri wake! Nimelia kwa hasira mpaka muuza nyanya akanipa kigoda.

Jumapili, 22 Aprili

Nilikwenda kwa Mzee Kornelio nimejiandaa kumwaga yote. Nikamwamkia kwa adabu, basi adabu ikaishia hapo. Nikasema muhuri wake umeniua. Nikasema hata kusoma hakusoma, ameandika imepitiwa kwenye kitu asichokipitia. Mkewe, Mama Natalia, alisimama mlangoni na ungo mkononi, akatutazama.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kumuona akikubali kosa. Kwenye kikundi hata akianguka jukwaani husema ndivyo ilivyopangwa. Jana ningeapa hana hata neno pole. Akasema, "Kosa ni langu, Katibu. Tutalirekebisha."

Nikasema basi anipe jalada. Akasema jalada halitoki ofisini bila mtunzaji wake. Atakuja nalo Mikumi yeye mwenyewe, atanisomea, mimi nitachapa.

Atanisomea! Atasoma kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza, mbele yangu, habari zake mwenyewe na kitambi nilichompachika. Kama si kutaka kwangu filamu hii ningeacha.

Jumanne, 24 Aprili

Mvua. Umeme hakuna.

Alhamisi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Hotuba zimefanyika chini ya turubai. Barabara bado. Zimebaki siku nne, na mimi nahesabu hata saa.

Jumapili, 29 Aprili, Mikumi

Tumefika! Nina matope hadi kwenye nywele, naandika upesi kabla kibatari cha Winnie hakijaisha.

Asubuhi walisema pikapu moja itajaribu. Tukapanda nyuma: mimi, magunia ya mpunga, na Mzee Kornelio ndani ya koti la reli, jalada kaliviringishia nailoni mara tatu na kulifunga kifuani kwa mshipi. Tulipopita Masanze gari likazama hadi mlangoni. Dereva akazima injini, akawasha sigara, akasema ni hadi kesho. Kesho! Nilitaka kumrukia.

Akatokea Budeba. Ni Msukuma, ana mashamba na ng'ombe upande ule, na mimi watu wa ng'ombe sikuwa na neno jema juu yao tangu waingie mpunga wa mjomba. Akaja na maksai wanne. Hakuuliza tunakwenda wapi kwanza. Akafunga minyororo, akawasemesha wale maksai kwa Kisukuma, polepole, kama anawabembeleza watoto wanywe dawa. Gari likatoka likipiga mluzi wa matope. Nilipomweleza ni mswada unaowahi tarehe, akauliza kama ndani kuna Msukuma. Nikasema hakuna. Akasema ndiyo maana mmezama, na akakataa shukrani yangu mpaka niahidi kumwandika mmoja mwenye akili. Nimeahidi. Nilivyokuwa nikiwasema watu hawa, leo naona aibu.

Umeme wa Mikumi nao umekatika tangu adhuhuri. Winnie ana jenereta na mafuta ya kutosha kutwa moja tu ya kesho.

Jumatatu, 30 Aprili, Mikumi

Nitaandika yote, hata mkono ukikatika.

Saa moja kamili asubuhi jenereta likanguruma. Mimi kwenye kiti, Mzee kulia kwangu na miwani, jalada magotini. Akaanza kusoma. Anasoma vizuri, sikujua! Sauti ya stesheni, kila neno linasimama peke yake, na pale muhuri uliposhika juu ya maandishi anainua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha mpaka apate neno. Vidole vyangu vilikuwa vinakimbia. Ukurasa wa tano, wa sita. Thadeo akatokea na kitambi chake. Mzee akasoma bila kutetereka. Thadeo akampigia saluti mbuzi. Mzee akasoma. Mimi sikuthubutu kugeuza shingo, masikio yanawaka moto.

Saa sita tulikuwa ukurasa wa thelathini. Saa saba kasoro robo, wa thelathini na sita. Pale watoto wanamzunguka Thadeo wakiiga honi ya treni, naye anakaa chini anajifunika kofia na kulia. Nilikuwa nimeona ndiyo sehemu ya kuchekesha kupita zote.

Mzee akaacha kusoma. Nikasubiri. Jenereta linanguruma nje. Akavua miwani.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikasema ndiyo, Mzee. Nikasema nisamehe.

Akafuta miwani kwa pindo la koti, muda mrefu. Mimi nikitazama saa, na kujichukia kwa kutazama saa. Kisha akasema, "Hakulia. Ukiandika habari ya mtu, iandike sawasawa."

Akaniambia. Siku alipopewa barua ya kupunguzwa aliona haya kumwambia mkewe. Kesho yake akavaa sare akaondoka kama kawaida, akakaa benchi la stesheni hadi jioni. Miezi saba. Mama Natalia alimpigia shati pasi kila asubuhi, akamfungashia kapu: viazi, chupa ya chai, kikombe. Watoto walimcheka ni kweli, naye aliwaacha, maana aliogopa akiwafukuza wataenda kusema nyumbani. Hadi siku moja akafungua kapu akakuta vikombe viwili. Alipoinua kichwa Mama Natalia anakuja kwenye jukwaa la treni, amevaa kitenge cha kanisani. Akaketi kwenye benchi. Akamimina chai, kikombe chake na cha mumewe. Alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akasema treni leo imechelewa."

Nimeishi mji mmoja na mtu huyu miaka yote. Nimemcheka kila siku ya Mungu na nimetengeneza kurasa arobaini na moja za kumcheka, na hiki kilikuwepo pale pale kwenye benchi. Nilijiona mpumbavu, na wakati huo huo moyo ulikuwa unadunda kwa furaha, maana mwandishi yeyote angelisikia lile neno angejua ameokota nini. Nikamuuliza niandike hivyo? Akasema si ndivyo ilivyokuwa?

Saa saba na dakika kumi. Nikatupa kurasa sita za mwisho. Kitambi nikakifuta kila kilipokuwepo. Mbuzi nimemwacha, Mzee mwenyewe alisema mbuzi ni kweli. Nikaandika upya, yeye akinisahihisha kofia ilikaaje, filimbi iliwekwa mfuko gani, Winnie akitia mafuta ya mwisho kwenye jenereta kwa chupa ya soda. Saa nane na nusu nikaweka nukta.

Mzee alitoka kwenda kunyoosha miguu. Tovuti ikatuuliza tena majina, safari hii kwenye fomu yenyewe, mahali ambapo wasomaji hawapaoni. Kulikuwa na kisanduku cha mwandishi wa kwanza na kisanduku cha mwandishi mwenza. Nikajaza vyote viwili. Winnie akanitazama, kisha akabonyeza tuma.

Faili la maandishi matupu ni jepesi! Lile la picha lilichukua saa mbili na robo. Hili likafika asilimia sitini nikiwa bado navuta pumzi, likasimama hapo. Saa tisa kasoro dakika kumi na moja. Jenereta likakohoa. Winnie akapiga magoti chini ya meza ameshika waya kana kwamba angeusukuma umeme kwa mkono. Sabini. Tisini na tano. Saa tisa kasoro dakika sita: IMEPOKELEWA. Dakika mbili baadaye jenereta lilizimika na kafe nzima ikawa kimya. Nikatoka mbio hadi barabarani nikamkumbatia Mzee Kornelio mbele ya madereva wa malori, naye akasimama wima mikono pembeni, hajui aiweke wapi.

Jumanne, 8 Mei

Umeme umerudi Kilosa. Beda amepata kompyuta ya mtumba. Nimechapa barua za watu siku nzima, na kila nikifika mwisho wa barua nashika pumzi.

Jumapili, 20 Mei

Mvua zinapungua. Nimepita kwa Mzee, Mama Natalia amenipa chai. Nimemtazama anavyoimimina. Hajui kuwa nimemwandika.

Ijumaa, 8 Juni

Jua kali, barabara imekauka, na Winnie amekuja mwenyewe! Ameacha kafe, amepanda gari la asubuhi, ameingia dukani kwa Beda na karatasi aliyoichapa, na hakuweza kusema, akawa ananinyooshea tu.

Miswada mia tatu na kumi na nne. Kumi imechaguliwa. Namba saba: "Treni ya Saa Nne", Tanzania.

Nilipiga ukelele hadi wauza mitumba wa ng'ambo wakaja kuuliza ni msiba wa nani. Beda amefunga duka saa tano asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Tumekwenda wote kwa Mzee Kornelio, mimi mbele nakimbia na sketi nimeishika.

Alikuwa uani anapukuchua mahindi na mkewe. Shikamoo yangu ilitoka vipande vipande. Nikampa karatasi. Akafuta mikono, akavaa miwani, akashuka na kidole pole pole hadi namba saba. Hapo kidole kikasimama. Nilikuwa sijamwambia. Pameandikwa waandishi wawili, Domina Kondo na Kornelio Ditram.

Akakirudisha kidole nyuma kidogo, upande wa kushoto wa jina lake, akapapasa pale karatasini palipo peupe. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Miaka thelathini na moja," akasema, "kila nilipoandika jina langu lilitanguliwa na kny. Kwa niaba ya Mkuu wa Stesheni. Kwa niaba ya Meneja. Hapa hawakuiweka."

Nikamwambia haikusahauliwa. Nikamwambia hapo hakuna wa kuandikiwa kwa niaba yake, ni yeye mwenyewe.

Mama Natalia hasomi vizuri, akauliza kumeandikwa nini mbona mmesimama kama mmepigwa na radi. Mzee Kornelio akajikohoza, akanyoosha kola ya shati, akalisoma jina lake mwenyewe kwa mkewe, lote, kwa ile sauti ya stesheni. Akamsomea tena.